Saa 48 za mkuu wa wilaya: kinga iko kwenye karatasi isiyofika kwa hakimu

Habari ya aina hii haiishi Tanzania. Mkuu wa wilaya (DC) yuko ziarani, anakuta zahanati imekwama kwenye lenta, anamgeukia OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, mbele ya kamera na kuagiza mtendaji wa kijiji au fundi awekwe ndani saa 48. Wananchi hupiga makofi, na si ajabu, kwani fedha zilizoliwa ni zao. Siku mbili baadaye mtu anatoka. Hakuna jalada, hakuna shauri, na zahanati iko pale pale kwenye lenta.

Hofu ya wananchi kuhusu mamlaka haya imekuwa ikipanda, hasa sasa ambapo kukamatwa na kutekwa vimekuwa vikitajwa kwa pumzi moja. Ni vizuri kuvitenganisha. Aliyetekwa hajulikani aliko. Aliyewekwa ndani kwa amri ya DC yuko kituo kinachojulikana, na polisi waliomchukua wana majina na namba. Tatizo la saa 48 ni jingine, na kulielewa inabidi kuisoma sheria yenyewe badala ya kuitazama ikiigizwa majukwaani.

Mamlaka yanatoka kwenye Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, Sura ya 97. Kifungu cha 7 kinawahusu wakuu wa mikoa, cha 15 wakuu wa wilaya, na maudhui yake yanakaribia kuwa yale yale. Vinaruhusu kukamata katika hali mbili. Ya kwanza ni pale mtu anapotenda kosa ambalo kwa kawaida mtu hukamatwa na kushtakiwa kwalo, nalo limetendeka mbele ya kiongozi huyo au amelifahamu. Ya pili ni pale anapokuwa na sababu ya kuamini kwamba mtu fulani ataivunja amani au kuvuruga utulivu wa umma, na kwamba hakuna njia nyingine ya kumzuia isipokuwa kumweka kizuizini. Maneno hayo ya mwisho ndiyo uzito wa kifungu kizima. Haitoshi kwamba kumfungia ni njia rahisi au inayotia adabu. Lazima iwe ndiyo njia pekee iliyobaki.

Ukishakuwa na kipimo hicho mkononi, sehemu kubwa ya matukio yanayorushwa kwenye taarifa za habari yanaanguka hapo hapo. Mganga aliyechelewa kazini hajavunja amani, wala mwalimu ambaye shule yake imefelisha, wala mkandarasi aliye nyuma ya ratiba. Mtumishi wa umma ana mamlaka yake ya nidhamu chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma: hati ya mashtaka, muda wa kujibu, kamati ya uchunguzi, haki ya kukata rufaa. Mkandarasi ana mkataba wenye vifungu vya kuchelewa. Vyama vya taaluma, cha madaktari kikiwamo, vimelalamika hadharani kuhusu wanachama wao kuwekwa ndani kwa mambo ya kiutumishi, na kisheria malalamiko hayo yana miguu.

Sasa upande wa pili, maana upo na hauna budi kusikilizwa. Mkuu wa wilaya ni mwenyekiti wa Kamati ya Usalama ya Wilaya, chombo kinachotambuliwa na Sheria ya Baraza la Usalama la Taifa ya 2010. Taarifa za kiintelijensia humfikia yeye kabla ya mtu mwingine nje ya vyombo. Katika wilaya kubwa zenye barabara mbovu, hakimu anaweza kuwa umbali wa nusu siku, na ugomvi wa wakulima na wafugaji haumsubiri. Desemba 2000, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, baada ya mvutano ambao haukuanza siku ile. Anayetetea mamlaka haya huuliza swali la haki kabisa: kama mkuu wa wilaya angejua usiku wa kuamkia tukio nani anakusanya vijana na silaha, ungependa asubiri hati ya kukamata? Kwa hali kama hiyo, kumtoa kiongozi wa kundi kwa siku mbili mpaka joto lishuke kunaweza kuokoa roho. Hivyo hivyo kwa kijiji kinachotaka kumchoma moto bibi anayetuhumiwa uchawi: kuwazuia wachochezi watatu ni bora kuliko kuja kuhesabu maiti.

Hoja hiyo ina nguvu, lakini inaacha jambo moja bila jibu. Polisi tayari wana uwezo wa kukamata bila hati anayevunja amani mbele yao au anayeshukiwa kwa sababu za msingi kutenda kosa. Kwenye tukio la aina ya Kilosa kinachokosekana kwa kawaida ni gari, mafuta, askari wa kutosha na mpango wa matumizi ya ardhi unaoheshimiwa. Mamlaka ya ziada ya kumfungia mtu hayaleti hata kimoja kati ya hivyo. Kinachoongezwa na amri ya DC ni muda: chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, polisi aliyemkamata mtu bila hati ana saa 24 za kumpa dhamana au kumfikisha mahakamani, isipokuwa kwa makosa mazito. Mwanasiasa mteule, asiye mpelelezi, amepewa mara mbili ya hizo. Ni vigumu kulielezea hilo kwa hoja ya usalama.

Mizizi iko mbali kidogo. Mwaka 1962 nchi changa ilitunga sheria za wakuu wa mikoa na wakuu wa maeneo, na mwaka huo huo Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, iliyompa Rais uwezo wa kumfungia mtu bila kesi. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoripoti mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilitaja sheria 40 zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa kwa kukinzana na haki, na hiyo ya kizuizini ilikuwamo. Haijafutwa mpaka leo, ingawa haitumiki kama zamani. Saa 48 ni mdogo wake, na kwa mwananchi wa kawaida ndiye anayeuma zaidi, kwa sababu hahitaji sahihi ya Ikulu.

Watunzi wa sheria ya 1997 hawakuwa vipofu. Waliweka vizuizi vinne. Aliyekamatwa lazima afikishwe kwa hakimu kabla saa 48 hazijaisha. Asipofikishwa, lazima aachiwe, na asikamatwe tena kwa amri ya aina hiyo kwa sababu zile zile. Kiongozi aliyetoa amri aandike sababu zake, na nakala ifike kwa hakimu. Na akitumia mamlaka vibaya, anaweza kushtakiwa kwa matumizi mabaya ya madaraka chini ya kifungu cha 96 cha Kanuni ya Adhabu.

Ukivisoma kwa haraka unaridhika. Visome tena ukifuata njia ambayo karatasi inapita. Nakala ya sababu inakwenda kwa hakimu ambaye aliyekamatwa amefikishwa mbele yake. Ikiwa mtu anaachiwa saa ya 47, hakuna hakimu, na kama hakuna hakimu hakuna pa kupeleka nakala. Hakuna tena anayeuliza kama sababu ziliandikwa. Njia salama kabisa ya kukwepa ukaguzi wa mahakama, basi, ni kutompeleka mtu mahakamani na kumwachia kimyakimya kabla ya muda. Kifungu kilichotungwa kama daraja la kumpeleka mtu kwa hakimu kimegeuka adhabu kamili ya siku mbili, inayoanza na kuisha bila mtu mwingine kuigusa. Kwa maoni yetu hapa ndipo penye ugonjwa, kuliko hata kwenye tabia ya DC mmoja mmoja. Semina na maonyo ya mawaziri kwa wateule wapya vimekuwapo miaka yote, na mchezo umeendelea, kwa sababu onyo haliwezi kuziba tundu lililoachwa na sheria.

Ufupi wa muda unaziua na dawa nyingine. Maombi ya habeas corpus, yaani ya kutaka mahakama iamuru aliyezuiliwa afikishwe mbele yake au aachiwe, chini ya kifungu cha 390 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, yanakwenda Mahakama Kuu. Wakili aandae hati ya kiapo, asajili, shauri lipangiwe jaji, mjibu maombi apelekewe wito. Hata mambo yakienda mbio, mtu ameshatoka, na maombi yanaondolewa kwa kuwa hakuna tena wa kuachiwa. Kesi ya madai dhidi ya Serikali inahitaji notisi ya siku 90, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu. Shauri la kikatiba nalo limekuwa gumu tangu marekebisho ya Juni 2020 kwenye Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi: mlalamikaji lazima aape jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Mwezi Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ilitengua hukumu ya Mahakama Kuu iliyokuwa imebatilisha kifungu cha makosa yasiyo na dhamana. Mahakama hiyo hiyo ndiyo iliyosema mwaka 1993, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun, kwamba sheria inayobana haki lazima iwe na kinga dhidi ya matumizi ya kiholela na isibane kuliko inavyohitajika. Kwa hiyo kanuni ipo. Bahati ya kuifikia ndiyo haba.

Na kifungu cha 96? Mpelelezi wa kosa hilo angekuwa polisi wa wilaya au mkoa ule ule, chini ya wakuu wanaokaa kwenye kamati ya usalama pamoja na mtuhumiwa, na aliyetekeleza amri ni wao wenyewe. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inapokea malalamiko bure, na wakati mwingine simu yake moja inatosha, ila mapendekezo yake si hukumu.

Kwa familia iliyopigiwa simu kwamba ndugu yao yuko ndani, mambo machache yana maana kuliko kelele. Nenda kituoni uulize nani ametoa amri, saa ngapi, na kwa sababu gani. Hakikisha muda wa kuingia umeandikwa kwenye kitabu cha mahabusu, kwa maana saa 48 zinahesabiwa tangu mtu alipowekwa chini ya ulinzi, si tangu ndugu walipofika. Andika barua fupi kwa OCD yenye muda huo, nakala kwa Hakimu Mfawidhi, yaani hakimu anayeongoza mahakama ya wilaya, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Barua hiyo ndiyo inayomfanya hakimu ajue jambo ambalo vinginevyo asingelijua, na ndiyo kielelezo cha kesi ya baadaye. Usilipe chochote, dhamana ya polisi haiuzwi.

Ijumaa ina matatizo yake. Aliyekamatwa saa 10 jioni Ijumaa, muda wake unaisha Jumapili saa 10 jioni, mahakama ikiwa imefungwa. Kituoni ataambiwa "subiri Jumatatu". Kifungu hakizungumzii saa za kazi: kama hakimu hapatikani, wajibu unaobaki ni kumwachia. Jambo la pili la kuangalia ni saa 48 kuzaa saa 24 nyingine, pale polisi wanapofungua jalada jipya dakika za mwisho. Kama kuna tuhuma ya kweli ya jinai, hilo ni halali, na taratibu za kawaida zinaanza: kuelezwa kosa, kuwasiliana na wakili, kuhojiwa ndani ya saa 4 za msingi zinazoruhusiwa na sheria. Kama jalada limefunguliwa kuficha amri ya DC, barua yenye muhuri itaonyesha mfuatano wa saa. (Ukinukuu namba za vifungu, taja toleo la sheria unalosoma, namba husogea sheria zinapofanyiwa urekebu.)

Je, mamlaka haya yafutwe? Ukamataji unaofanywa na viongozi wa utawala ulikuwa kati ya kero zilizofika mbele ya tume ya haki jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyokabidhi ripoti Julai 2023. Jirani Kenya, Katiba ya 2010 inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 bila kujali nani kamkamata, ingawa utekaji wa watu uliotokea huko tangu katikati ya 2024 unaonyesha kwamba ibara nzuri peke yake haimzuii anayekuja na gari lisilo na namba.

Tunaona yafutwe. Lakini wanaodai kufutwa wasijidanganye kuhusu siku inayofuata: DC bado atakuwa na simu ya OCD, na OCD bado ana uwezo wake wa kukamata. Amri itapita mlango wa nyuma, bila hata vile vizuizi vinne. Ndiyo maana badiliko dogo linaweza kufanya kazi kubwa kuliko ufutaji mtupu. Sheria iseme kwamba kila mtu anayewekwa mahabusu kwa agizo la kiongozi wa utawala, sababu za maandishi zenye sahihi na saa zifike kwa Hakimu Mfawidhi ndani ya saa 6, awe amefikishwa mahakamani au ameshaachiwa. Na polisi asimpokee mtu bila karatasi hiyo. Watendaji watalalamika kwamba hilo linachelewesha mambo ya dharura. Kuandika mistari mitano hakuzuii gari la polisi kuondoka, na aliye na taarifa za kweli za silaha na vijana ana cha kuandika. Asiyekuwa nacho ndiye atakayekwama, na atakayepumua zaidi ni OCD, kwani leo wakili akikagua kitabu cha mahabusu, sahihi iliyomo ndani yake ni ya askari tu.