Bustani Haifagiwi

Nilirudi safarini Ijumaa jioni. Begi likiwa bado begani nikapitia bustanini kwanza, kawaida yangu kabla hata ya kuingia ndani. Nikaganda. Matuta yangu manne ya nyanya na bilinganya yalikuwa uchi wa mnyama. Mchanga wetu wa Kibaha unang'aa juani, mistari ya fagio la chelewa imepangika kama kichwa kilichosukwa, na pembeni pana duara la majivu. Matandazo yangu yote, nyasi nilizozilaza kufunika udongo, viroba saba nilivyomlipa kijana wa baiskeli, yamekuwa majivu.

"Baba, nimekusafishia bustani yako," mama mkwe akaniambia kutoka barazani. "Ilikuwa imejaa takataka."

Mwanamume aliyeoa anajua kwamba hapo jibu ni moja tu. Nikasema ahsante sana mama, Mungu akubariki. Jikoni nikasikia mfuniko wa sufuria umeanguka, maana mke wangu alikuwa hajiwezi kwa kicheko.

Sasa kwa kuwa mama hapiti huku, acha niseme niliyoshindwa kuyasema pale barazani.

Nani alitufundisha kwamba udongo mtupu ndio usafi? Uwanja sawa. Uwanja ufagiwe, nyoka aonekane tangu mbali, mtoto akianguka asiangukie nge. Hilo silibishi. Lakini tumeubeba huo ufagio wa uwanjani tukaupeleka mpaka kwenye nyanya. Nakumbuka shule ya msingi tulifagia hadi chini ya miembe, kiranja nyuma na fimbo, jani moja likibaki mnarudia wote. Tumekua, tumepata viwanja vyetu, na yule kiranja tumehama naye kichwani. Jumamosi ya mwisho ya mwezi mtaa mzima unafuka moshi, mbolea ya bure inapaa mbinguni, halafu Jumatatu watu wale wale wanaulizana samadi inauzwaje kiroba.

Nenda msitu wa Pugu. Hakuna anayepalilia kule. Pekua majani makavu chini ya miti uone ule udongo mweusi, una unyevu hata Februari, halafu tafuta magugu kama haya yanayokutoa jasho nyumbani. Utayatafuta sana. Udongo haukubali kukaa uchi. Usipouvika wewe utajivika wenyewe, na nguo utakayoletewa ni kishona nguo, mchicha pori na ndago.

Hapa ndipo ninapotaka tusikilizane. Mbegu za magugu hazingoji kuletwa na upepo, nyingi zimo humo humo ardhini miaka na miaka, zimelala. Mchicha pori mmoja ukiachwa ukomae unaweza kumwaga mbegu zaidi ya 100,000, na nyingi za aina hiyo, ndogo kama vumbi, zinasubiri kitu kimoja tu: mwanga. Sasa wewe unashika jembe, unapalilia kwa bidii, unageuza udongo, zilizokuwa chini zinakuja juu zinaliona jua. Umezigongea mlango. Baada ya wiki mbili unarudi na jembe unalalamika kwamba ardhi hii ina laana. Haina laana. Wewe ndiye unayeamsha.

Matandazo yanakata huo mchezo kwa sababu mwanga haufiki. Ndiyo siri yote, hakuna uchawi. Ila yawe mazito! Watu wanamwaga nyasi kiganja kimoja, udongo unachungulia, magugu yanapita katikati, kisha wanatangaza mtaa mzima kwamba matandazo hayafanyi kazi. Unene uwe sentimita 7 hadi 10, na baada ya mvua mbili nyasi zikilala unaongeza. Zisiguse shina la nyanya, acha upana wa vidole vitatu hivi, la sivyo shina linaoza. Na nyasi zikatwe kabla hazijatoa mbegu. Mwaka wa kwanza mimi nilileta nyasi zilizokomaa vizuri na masuke yake. Nilichofanya pale hakikuwa kutandaza, nilikuwa nimepanda.

Siku ya tisa baada ya ule usafi wa mama, mvua za vuli zikiwa zimeshagusa, nilichukua sinia la chai nikalilaza kifudifudi kwenye tuta la kwanza, nikachora duara kulizunguka na kijiti, nikapiga magoti kuhesabu. Miche 61 ya magugu. Sinia moja. Nyuma ya tangi la maji kuna kipande ambacho fagio halikufika, nyasi zake bado zipo. Nikachora duara lile lile pale. Tatu, na zote tatu ndago. Nilimwita mke wangu aje ashuhudie. Akaangalia sinia, akaangalia magoti yangu, akauliza kama hilo ndilo sinia la wageni.

Jirani yangu anasema haya ni mambo ya YouTube. YouTube! Nenda Kilimanjaro ukaingie kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha mzee yeyote anayejiheshimu. Majani ya migomba na magogo yake yaliyopasuliwa yamelazwa chini ya kahawa, na hakuna aliyeyafagia. Nenda Kagera, kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, kimetandazwa nyasi mpaka unatembea kama juu ya godoro. Wale wazee hawakungoja simu janja. Hata bibi zetu wa huku Pwani walipochanganya maboga na kunde kwenye mahindi hawakuwa wamekosa mpangilio kama tulivyoambiwa, walikuwa wanaifunika ardhi kwa kitu kinacholiwa. Mimi mwenyewe kwenye lile tuta lililokuwa limetawaliwa na ndago nimepanda matembele. Ndago hapendi kivuli, na matembele yakishaanza kutambaa hayaombi ruhusa.

Ndago nimemtaja, basi niseme ukweli hata kama unaniuma: matandazo hayamwezi. Ana viazi vyake chini, vimeunganishwa kama shanga, unang'oa kimoja vinne vinabaki vinakucheka. Nilitumia pesa nzuri kununua nailoni nyeusi, nikatandika nikijiona mkulima wa kisasa. Mwezi haujaisha, ncha zake zimetoboa ile nailoni kama sindano. Baada ya mwaka mmoja wa jua nailoni yenyewe ikaanza kumeguka. Nchi hii tuliiaga mifuko ya plastiki Juni 2019, na mimi hadi leo nachimba vipande vya plastiki kwenye matuta yangu kama mtu wa mambo ya kale. Wenye mashamba makubwa na mipira ya matone labda inawalipa, sigombani nao. Kwa bustani ya nyumbani, hapana.

Afadhali maboksi. Unaomba dukani, unabandua selotepu zote, unalaza yakipandiana shubiri moja, unamwagia maji hadi yalegee, halafu nyasi juu. Mchwa watayala, ndiyo. Yangu waliyamaliza ndani ya miezi miwili, na kazi ilikuwa imeshafanyika.

Dawa za kuua magugu sitaki hata kuanza, upepo ukigeuka tu nyanya zinakwenda nazo.

Na konokono je? Haya, konokono. Masika wanapenda nyasi kuliko mimi ninavyozipenda, nawaokota alfajiri na tochi na ndoo, na kuna siku nimetamani kumwita mama mkwe aje na fagio lake. Na mchicha wa kumwaga haupandwi chini ya matandazo, mbegu yake nayo inafunikwa kama ya gugu. Subiri uchomoze ufike kimo cha kidole ndipo uingize nyasi katikati ya mistari. Usimwage ovyo basi, panda kwa mistari. Sikusema hakuna kazi. Nimesema ni kazi ya mara moja kwa miezi mitatu, badala ya kuvunja mgongo kila Jumamosi.

Jana kijana wa baiskeli kaleta viroba vingine vinane, bei imepanda kidogo kwa sababu ameshaniona nina shida. Nimetandaza matuta yote manne, nimemwagilia, nimekaa kwenye ndoo nikayatazama mpaka giza likaingia.

Mama amepiga simu asubuhi. Anasalimia, anauliza bustani inaendeleaje, na anasema baada ya Idi atakuja akae wiki mbili hivi. Nimemwambia karibu sana mama, tunakusubiri kwa hamu. Fagio la chelewa nimelihamishia kwa jirani.