Embe la Bure

Jamani, mimi na embe hatuna ugomvi. Embe ni tunda la heshima, mgeni akiandaliwa haoni amedharauliwa. Ugomvi wangu ni na huu mwembe wa uani. Siku nauziwa kiwanja hiki huku Chanika, dalali aliupigapiga shinani, akaniangalia kwa huruma ya mtu anayekupa mali, akasema, "Na huu umo humohumo, mzee wangu. Maembe utakula bure." Natamani nimpate yule bwana mwezi wa Desemba, nimkalishe kwenye kigoda pale jikoni, nimpe kisu na beseni, halafu anirudie lile neno bure.

Kwanza usingizi. Nyumba ni ya mabati, na mwembe umelaza tawi moja nene juu ya chumba ninacholala. Saa nane za usiku popo wanaingia zamu. Popo hali embe akalimaliza. Analing'ata, anaonja, halijamkolea, analiachia. Pwaa! juu ya bati. Kisha linabingirika taratibu, gidi, gidi, gidi, na wewe umekodoa macho gizani unalisindikiza kwa masikio mpaka litue chini. Likishatua ndiyo unaanza kusubiri lingine. Watu wananiambia, si ukate hilo tawi? Kata wewe. Mama Kulwa alishatangaza kwamba atakayeligusa tawi lile atafute kabisa na pa kulala.

Kunakucha. Mabwana shamba wanatuambia maembe yaliyodondoka yasiachwe chini ya mti, kwa ajili ya inzi wa matunda. Inzi huyu asili yake ni Asia, huku Afrika aligunduliwa kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 2003, na sasa hivi ni mwenyeji kuliko mimi, maana mimi hati ya kiwanja bado naifuatilia. Anatoboa ganda, anataga mayai yake, anaondoka. Embe kwa nje limenawiri, ukilipasua unakuta mafunza wako kwenye kikao na mwenyekiti wao. Dawa ni kuyaokota yote yaliyoanguka ukayafukie kwenye shimo refu, au uyafunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki uuanike juani wafe kwa joto. Mifuko yenyewe ya plastiki, ile ya kubebea bidhaa, ndiyo hiyo iliyopigwa marufuku mwaka 2019, kwa hiyo kwangu limebaki shimo. Nani anachimba? Watoto shule imefungwa na macho yamefungwa. Mama yuko jikoni. Basi kabla sijakimbilia daladala, suruali ya ofisini nimeikunja magotini, mimi ndiye mzika maembe wa mtaa.

Sasa mezani. Nyumba nyingine mama anaamka anajiuliza leo tupike nini. Hapa kwangu swali hilo halipo, mti umeshajibu. Chai inakuja na maandazi, ukiyang'ata ndani njano: embe. Mchana kachumbari, na nyanya humuoni, kakimbia: embe bichi, kitunguu, pilipili, chumvi. Ukiomba maji ya kunywa unaletewa juisi. Juzi nimekuta embe kwenye uji wa mtoto, mtoto mwenyewe kaziba mdomo kwa mikono miwili, nikamwelewa.

Ila nisiseme uongo, mchuzi wake wa samaki naunyamazia. Hapo mama Kulwa ni fundi. Anachukua embe ambalo bado gumu, la kutoa mate, analimenya na kulikata vipande vinene, anavitia kwenye mchuzi wa changu wakati tui jepesi limeanza kuchemka. Havipondeki, vinalainika tu na kutoa ukali wao, halafu mwishoni ndipo linaingia tui zito na hapo hakuna kukoroga hovyo, anakipeleka chungu huku na huku kwa masikio yake samaki asivunjike. Ukimwagia kwenye wali, unasahau bati, popo, na shimo. Tatizo ni kwamba siku nikiusifia, kesho yake unarudi, na keshokutwa, mpaka changu mwenyewe anaanza kunichosha sura.

Tena embe letu ni la kienyeji, si dodo wala bolibo. Lina utamu, sikatai, lakini lina nyuzi. Ukimaliza kulifyonza, kokwa linabaki na mvi kama kidevu cha babu aliyestaafu reli. Nyuzi nyingine zinabaki na wewe. Nimekaa kwenye mkutano kazini, bosi anaongea mambo ya bajeti, mimi ulimi uko kazini kwenye jino la nyuma tangu saa mbili. Akaniuliza, "Mbona unakunja uso, hukubaliani?" Ungejibu nini?

Na watoto wana utomvu. Ule unaotoka kwenye kikonyo ukilichuma embe bichi, ukigusa midomo unababua. Siku ya kwanza ya msimu wote wametoka vidonda pembeni mwa mdomo, jirani mmoja akanivuta pembeni akaniuliza taratibu kama nimewapeleka zahanati.

Ukiwa na maembe mengi utasema ugawe. Nani hajagawa? Mimi nilimpelekea jirani ndoo imejaa, nikarudi nyumbani natembea kifua mbele, nikijua leo nimepumua. Nimesahau tuko Uswahilini, chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Magharibi mtoto wake huyo mlangoni: "Shikamoo. Mama anasema ahsante sana, na haya ni ya kwetu." Ndoo ileile, imejaa. Tena ya kwao bolibo, makubwa, hayana nyuzi, kwa hiyo nimepeleka hafifu nikapata bora, na sasa nina maembe mengi zaidi pamoja na aibu. Mama Kulwa akasema tusikae na deni, tuwapelekee na sisi kitu. Nikamuuliza kitu gani. Tukaangaliana.

Kuuza nako ni hadithi. Barabara nzima kila mlango una mtoto na mafungu ya maembe juu ya kiroba, wauzaji mstari, mnunuzi hayupo. Kuna wachuuzi wanaokuja mapema mti ukiwa bado na maua, wanaununua mti mzima, matunda yakikomaa wanakuja kuvuna wenyewe, huna habari. Alikuja mmoja. Nilishamwekea kiti. Mama Kulwa akatoka jikoni anajifuta mikono na kanga, akamwambia, "Sasa kaka, ukiyachukua yote wanangu watakula nini?" Yule mtu akaniangalia mimi, baba wa familia, mwenye ajira. Nikaangalia chini.

Kulwa yuko kidato cha pili, anasoma historia. Kanisomea kwamba mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Mogadishu, wenyeji wakamkirimu wali wa samli na vitoweo, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na pembeni achari: ndimu, pilipili, tangawizi mbichi, na maembe. Mwenyewe kaandika kwa furaha. Wasomi wakifika hapo wanasema, angalia ukarimu wa watu wa pwani! Mimi nikifika hapo nawaona watu wenye mwembe uani. Mgeni katoka mbali, hajui kitu, hana ndoo ya kuwarudishia. Msukumie achari! Naye hakukaa sana, akapanda chombo akateremka Mombasa, kisha Kilwa. Simlaumu.

Achari tunayo pia, ya mama Kulwa. Tunayo kwenye chupa za siki, za asali, za kahawa, na moja ya dawa ya kikohozi. Iko mpaka juu ya kabati la nguo. Wiki nzima vipande vya embe vilianikwa uani kwenye ungo na chumvi, na kazi ya kuwafukuza kuku alipewa mtu mmoja ambaye hakuajiriwa kwa kazi hiyo na jina lake nalisitiri.

Lakini hayo yote ni chamtoto. Kilichonimaliza ni keki.

Kuna shoga yake wa kwenye vikoba amemfundisha keki ya embe. Ovena hatuna, ila mama Kulwa hashindwi. Jiko la mkaa, juu yake sufuria kubwa, ndani mchanga msafi, unauacha ushike moto kwanza. Embe linapondwa, linapitishwa kwenye chujio la nazi ili zile mvi zibaki juu, na rojo lake linachemshwa kwa moto mdogo mpaka maji yapungue. Usipolichemsha, keki inapanda pembeni, katikati inadidimia. Ya kwanza ilitoka na shimo unaweza kulifukia embe ndani yake. Wakati rojo linapoa, siagi na sukari zinapigwa kwa mwiko mpaka ziwe nyeupe. Zinapigwa na nani? "Baba Kulwa, wewe si una mkono?" Ninao. Unaambiwa piga upande mmoja, usibadilishe. Umepiga mpaka bega limekuwa la mtu mwingine, anachungulia: "Bado." Mayai, moja baada ya jingine. Unga na beking pauda. Iliki iliyotwangwa. Kisha rojo. Chombo kinawekwa juu ya mchanga, mfuniko, na juu ya mfuniko makaa ya moto, unakaa hapo unapunguza ya chini na kuongeza ya juu, jasho linatiririka, Desemba ya Dar mnaijua wenyewe, na bado unajiongezea moto.

Harufu yake, wallahi, hata mimi niliyekuwa nimenuna nilisogeza kigoda. Anachoma kijiti katikati, kikitoka kikavu imeiva. Ikageuzwa kwenye sinia, juu imepiga rangi ya kahawia, ukiikata ndani njano ya kiini cha yai. Watoto wakaimaliza ikiwa bado inatoa moshi. Mimi nikapata kipande cha pembeni, kile kilichoshika kidogo, kwa sababu baba "hapendi vitu vitamu sana". Nani kasema?

Usiku nikachukua peni. Sukari nusu kilo. Unga wa ngano kilo. Mayai, na siku hizi yai unalibeba kwa mikono miwili. Kopo la siagi. Iliki, ambayo muuzaji anakuhesabia punje. Mkaa wa chini, mkaa wa juu. Nikajumlisha, nikajumlisha tena kutokea chini kwenda juu nione labda itapungua. Keki ya dukani ingenitoka nafuu, tena wangeniandikia na jina. Nikamwita mama watoto, nikampa karatasi kwa heshima zote.

Akaisoma. Akaniuliza, "Embe umelinunua?"

"Embe sijalinunua."

"Basi keki ni ya bure." Akaikunja karatasi akawashia jiko.

Na usidhani mwembe ukimaliza tunapumzika. Masika ikiingia linatambaa boga, linapanda ukuta, linaingia kwa jirani, na tunaanza upya: majani ya maboga, maua ya maboga, boga la nazi, uji wa boga, chapati za boga. Hayo tuyaache, nitalia. Halafu ifike Julai, mtu upite mjini ukiwa na hamu yako kidogo, uone vipande vinne vya embe ndani ya kikombe cha plastiki na kijiti juu, uulize bei. Yule dada aliponitajia, nilimshukuru nikatembea. Mimi! Niliyezika maembe kwa beleshi!

Wanaojua wanasema mwembe ukizaa sana mwaka mmoja, unaofuata hupumzika. Yaani mti unayo likizo, tena hauandiki barua. Nimeusubiri mwaka huo kwa hamu, nimeshapanga nitalala upande gani wa kitanda.

Juzi simu ikalia, mama mkwe, kutoka Muheza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wajukuu hawajambo? Sasa, nimewapandishia kimzigo kwenye basi la asubuhi, ukakipokee kwa kondakta pale stendi ya Magufuli, Mbezi."

Moyo ukacheka. Muheza mimi naijua, kuna machungwa, na kule milimani Amani kuna iliki na mdalasini. Nikaiona iliki ya kilo nzima, nikaona na ile hesabu yangu inashuka. Nikauliza kwa adabu ni mzigo gani.

"Ni fenesi moja tu, baba. Na kiroba cha maembe. Nimesema watoto wasije wakapitwa na msimu, huko mjini najua kila kitu mnanunua."

Utamwambia nini mama mkwe? Nikashukuru, mara mbili. Kutoka Chanika mpaka Mbezi unajua ni wapi na wapi. Nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, kijana wa kubeba, na bodaboda kutoka kituoni maana fenesi halipandi daladala kwa hiari ya konda. Nikaingia ndani kutafuta viatu. Mama Kulwa alishasikia neno fenesi, yuko kwenye kigoda anapaka kisu mafuta ya kupikia, utomvu usije ukaganda, na wala hakuinua kichwa.

"Ukirudi," akasema, "pitia na trei la mayai."