Bastola Iliyoniwasha

Hapa Ohio nina jirani, bibi mjane. Jumamosi moja alibisha mlangoni na vibao viwili vya mpini wa rivolva. Rivolva yenyewe marehemu aliiuza zamani. Vibao vikabaki kwenye droo ya soksi. Bibi alitaka kuviuza, ila kwanza ajue nani alivitengeneza. "Wewe si mtu wa mbao?"

Kosa langu. Tangu nihamie mtaa huu kila mtu ameshasikia kwamba nimekulia Mwenge, Dar es Salaam, kwa wachonga vinyago. Nikavipokea kama mkunga.

Mbao nyekundu, michirizi myeusi, nzito. Skrubu imezungukwa na umbo la almasi, na juu yake kuna kiduara cha chuma chenye herufi zilizosokotana. Pambo, nikasema. Fundi wa kweli huficha jina lake ndani. Nikavigeuza: uchafu, na namba za penseli zilizofifia. Nikapiga msasa ili jina litokee. Halikutokea. Nikanusa unga wake, nikaulamba na kidogo, kwa mbwembwe tu, maana bibi alikuwa anatazama.

Usiku macho yakafumba, midomo ikaumuka kama maandazi. Kumbe mti ule ni kokobolo wa Amerika ya Kati, wa jenasi moja na mpingo wetu, na vumbi lake likikukataa, upupu ni afadhali.

Hospitalini nesi akauliza kimenipata nini. Kiingereza nacho kilikuwa kimevimba pamoja na ulimi. Likapenya neno moja tu: "Bastola."

Weee! Nikabwagwa kitandani, shati langu la sikukuu likapitiwa na mkasi, watu wawili wananipapasa mgongo wakitafuta tundu la risasi. Jeraha la risasi hapa lazima liripotiwe, kwa hiyo polisi alifika kabla ya sindano.

Nikamwonyesha picha kwenye simu. Alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Hicho kiduara ni nembo ya Smith & Wesson. Mtengenezaji ulikuwa naye usoni muda wote. Na hiyo almasi waliacha kuiweka mwaka 1968, kwa hiyo ni vya zamani, tena vya kokobolo! Wakusanyaji watagombana." Akakuza picha. "Mara nyingine kwa ndani huwa kuna namba ya bastola yenyewe, kwa penseli. Hiyo ndiyo tamu. Hapa pameandikwa ngapi?"

Nikageukia ukutani, nikaendelea kujikuna.