Mgeni wa Lubumbashi asilale Golf

Shemeji yangu wa Mbeya alifika kwetu mwezi wa saba, katika baridi ile ambayo wageni huwa hawaitegemei. Wakisikia Kongo wanawaza msitu na joto, kumbe Lubumbashi iko juu, zaidi ya mita 1,200, na asubuhi za Julai watu wanatembea na makoti. Mahali pa kulala alikuwa amejichagulia mwenyewe kwenye simu kabla hata hajavuka mpaka wa Kasumbalesa: nyumba ya wageni huko Golf, yenye picha za bustani na jenereta. Siku ya tatu akanipigia.

"Shemeji, hivi mji wenyewe uko wapi?"

Sikumlaumu. Alichokuwa ameona mpaka siku hiyo ni kuta. Golf ni mtaa wa kuta ndefu, mageti ya chuma, walinzi kwenye viti vya plastiki na bogenvilia zinazomwagika juu ya waya. Kununua mkate ni safari. Kwenda katikati ya mji ni teksi na foleni, na kurudi hivyo hivyo, hata hela ya teksi ikawa inaikaribia ya chumba. Jenereta ya kwenye picha ilikuwepo kweli. Mafuta ndiyo hayakuwepo.

Najua kwa nini tunawapeleka wageni huko. Ni heshima. Hutaki mgeni arudi kwao akisema alilala kwenye vumbi. Na kwa mtu aliyekuja kwa mikutano ya migodi, analipiwa na kampuni na ana gari mlangoni, Golf inamfaa, sina ugomvi naye. Ila aliyekuja kuuona mji, ukimlaza kule umemfungia nje ya mji aliokuja kuuona.

Watu wa pwani hucheka tukiuita mji wetu wa kihistoria. Lubumbashi ilianza 1910. Mbele ya Kilwa ni mtoto wa juzi. Sawa. Lakini angalia yaliyoingia ndani ya miaka hiyo michache. Reli ilifika mwaka huohuo wa 1910 kutokea kusini, na mwaka uliofuata tanuru la Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, likaanza kuyeyusha shaba. Watu wakaletwa kutoka Rhodesia, Kasai, Maniema, hata Rwanda na Burundi. Hiki Kiswahili chetu, ambacho ndugu zetu wa Tanzania wanakisikiliza huku wameinamisha kichwa kama wanaotafuta kituo cha redio, hakikuja na majahazi. Kilikuja na kazi.

Na mji ulichorwa vipande viwili. Upande mmoja Wazungu, na barabara zao zilizonyooka kama mistari ya daftari. Upande wa kusini, kuanzia miaka ya 1920, mtaa wa Waafrika, ambao leo ni Kamalondo. Katikati yake pakaachwa ukanda mtupu, wenyewe wakauita "zone neutre". Mchana unavuka kwenda kupika, kufagia, kubeba. Usiku unatakiwa uwe umerudi kwenu. Ukanda ule ulishajengwa zamani, huwezi kuuona kwa macho, lakini usikilize mdomo wa watu: mpaka leo mtu wa mitaa yetu ya Kenya au Katuba akitoka kwenda katikati anasema "niko naenda mu ville", kana kwamba hapo alipo siyo mjini.

Hapo ndipo ninapomwambia mgeni alale: karibu na mstari huo. Mwisho wa kusini wa centre-ville, au Kamalondo ya juu inayotazamana nao. Hakuna bango, hakuna mnara. Unachopata ni kuuvuka kwa miguu mara mbili tatu kwa siku bila kupanga, ukienda kunywa chai au kutafuta vocha ya simu, na miguu inaelewa mambo ambayo dirisha la teksi haliwezi kukuonyesha.

Asubuhi unapanda kaskazini kabla jua halijawa kali. Kuna posta, kuna kanisa kuu la Petro na Paulo la matofali, kuna sinagogi iliyobaki kama ukumbusho wa Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes kuja kuuza vitambaa Katanga. Kuna jengo la ukumbi wa michezo ya kuigiza la miaka ya 1950 ambalo sasa ni la wabunge wa mkoa (michezo imeendelea, atakwambia mzee yeyote pale nje). Ukija mwezi wa tisa au wa kumi, mijakaranda inakuwa imechanua na lami yote ni zambarau. Jioni unashuka kusini, na moshi wa michopo, nyama choma yetu, unakupokea kabla hujauliza njia.

Kati ya hizo pande mbili mimi nachagua Kamalondo, ingawa centre ina vyumba vizuri zaidi. Centre hulala mapema. Maduka yakishafungwa mageti yao, barabara zinabaki na walinzi na mbwa, na mgeni anajifungia chumbani saa moja kama kuku. Kamalondo hailali, na hilo ndilo tatizo lake pia: baa inashindana na kanisa, spika kwa spika, na huwezi kumwambia yeyote kati yao apunguze. Nilipokwenda kumuulizia shemeji chumba, mama mwenye nyumba alinitazama kwanza juu mpaka chini. Akauliza: "Papa, mugeni wako anatafuta kulala, ao anatafuta kuona muji?" Nikamwambia kuona mji. "Basi alete pamba ya masikio."

Alikuwa mkweli. Chumba kilikuwa safi, ndoo tatu za maji zimejazwa tayari, na kila asubuhi aliulizwa "mulilala muzuri?" na watu wasiopungua watano kabla hajafika barabarani. Siku ya pili alikuwa anajua bukari (ugali wetu) inauzwa wapi na sombe (kisamvu) ya nani haina chumvi nyingi. Kule Golf hakujua jina la mtu hata mmoja.

Kuhusu Kenya, nitasema kwa kifupi. Ndiyo, ni komuni yetu, siyo nchi. Mgeni wa Nairobi akiambiwa ataenda Kenya kwa pikipiki na kurudi kabla ya chakula hucheka mpaka anashika ukuta. Soko lake usilikose. Lakini kulala huko safari ya kwanza, bila mwenyeji, sikushauri. Katuba vilevile, na nasema hivyo nikiwa mtoto wa Katuba, mama yangu anisamehe.

Pamoja na Kamalondo kuna mahali pengine ambapo karibu hakuna anayepataja: zile kambi za zamani za wafanyakazi, tunazoziita Cité Gécamines. Ukitaka kujua mji huu ulikuwa unawaza nini, kaa huko siku mbili. Kuanzia miaka ya 1920 Union Minière iliona kwamba mfanyakazi asiye na mke hutoroka, ikaamua kumpa nyumba, familia, posho ya unga, shule ya watoto, na zahanati. Kampuni ikawa baba. Baba huyo alikuwa mkali vilevile: Desemba 1941, wafanyakazi walipogoma wakidai mishahara, walipigwa risasi. Union Minière ilipotaifishwa mwaka 1967 jina lilibadilika, mwishowe likawa Gécamines, baba akabaki. Kisha mwaka 2003, kwa mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa hesabu yao ya mwisho na kuambiwa kwaheri. Wengi walikuwa na miezi mingi bila mshahara.

Nyumba zile zipo. Safu kwa safu, sura moja, ila sasa moja ina saluni mbele, nyingine ina kinu cha kusaga mahindi, ya tatu imeongezewa chumba cha uani, na hicho ndicho utakachopangishwa. Jioni mzee atatoa kiti nje na kukuambia alikuwa anafanya kazi sehemu gani ya kiwanda, na atakuonyesha kwa kidole. Bomba refu la moshi la kiwanda linaonekana kutoka huko kama linavyoonekana karibu kila mahali mjini, na pembeni yake ule mlima mweusi wa takataka za shaba. Nimewahi kukaa na mzee mmoja hivyo hadi giza likaingia. Wakati wote alisema "sisi" akimaanisha kampuni.

Wengine huuliza kama walale upande wa Luano, kwa sababu huko ndiko iliko nyumba alikopelekwa Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, siku ile ya tarehe 17 Januari 1961 kabla ya kuuawa. Hapana. Nenda asubuhi, rudi mchana. Si mahali pa kupangia chumba.

Ya kawaida unayajua: uliza maji kabla ya kuuliza bei, usitoe kamera mbele ya majengo ya serikali, usiku tumia dereva anayejulikana na mwenye nyumba. Na kabla ya kuchukua chumba Kamalondo, uliza kama timu yetu ya mpira, Mazembe, wanacheza nyumbani wiki hiyo, kwa kuwa uwanja wao uko palepale na usingizi hautakuwepo.

Mimi nilisahau kuuliza. Shemeji alirudi Mbeya hana sauti, shingoni ana skafu nyeusi na nyeupe.