Utando umetoka, uvimbe bado upo

Mwandishi, kichwa cha habari yenu kuhusu mtoto aliyepasuliwa jicho kinasema "ameondolewa uvimbe wa jicho", lakini ukisoma ndani, alichoondolewa ni utando uliokuwa juu ya retina, lile tabaka la nyuma ya jicho linalopokea mwanga. Uvimbe wenyewe ni hamatoma, yaani tishu za kawaida zilizokua ovyo. Hamatoma ya aina hii, ile inayochanganya retina na tabaka la rangi lililo chini yake, si saratani, na haing'olewi. Imeshonana na retina yenyewe. Ukiing'oa, umeondoka na jicho. Kinachotibika ni ule utando unaoikunja retina mpaka mistari iliyonyooka ionekane imepinda.

Na kazi yenyewe si mchezo. Daktari hutoboa vitundu vitatu kwenye weupe wa jicho, anafyonza ute wa ndani, anadondosha rangi ya buluu ili utando uonekane, kisha anaushika ukingoni kwa kikoleo na kuubandua taratibu. Mahali ulipozama ndani ya uvimbe anauacha. Wengine huona vizuri zaidi baadaye, wengine hali hubaki ileile, hasa watoto ambao jicho lilishazoea kutotumika. Hao hata baada ya upasuaji wataendelea kuzibwa jicho lisilo na tatizo ili lile bovu lifanye kazi, na hapo ndipo wazazi wengi huchoka (mtoto anabandua kiraka kila ukigeuka!).

Halafu mngetaja retinoblastoma, maana nayo huweza kuleta mboni nyeupe. Hiyo ni saratani, na kulifungua jicho lenye retinoblastoma kunaweza kuisambaza. Je, madaktari walihakikishaje kwamba uvimbe wa mtoto huyu siyo retinoblastoma? Habari haisemi.