Bado Unasoma?

Kila Desemba, Wachagga waliotawanyika wanaporudi mlimani kuhesabiana, mimi huketi kwenye benchi la baba mdogo kule Kibosho nikisubiri swali lile lile. Kata ya mbege huzunguka, na kila mtu hueleza mwaka wake ulivyokwenda. Binamu yangu mmoja anauza vipuri Dar es Salaam na huja na gari linalohitaji watu wawili wa kulielekeza likigeuka uani. Wa pili ni daktari. Wa tatu hakuna ajuaye anafanya nini, lakini amejenga, na aliyejenga haulizwi. Zamu yangu inapofika, baba mdogo hunitazama kama mtu anavyoutazama mgomba ulioanguka kabla ya kuzaa, kisha huniuliza kwa upole: "Na wewe, mwanangu, bado unasoma?"

Kosa nalikiri kuwa langu. Miaka kadhaa iliyopita nilijaribu kumweleza kwamba mimi ni mhadhiri wa chuo kikuu, hapa hapa Moshi, kwamba ninafundisha fasihi ya Kiafrika na ninatafiti utamaduni pendwa, yaani riwaya za upelelezi zilizokuwa zikiuzwa vibandani, nyimbo za vijana, vibonzo, majina ya kanga na maandishi ya nyuma ya magari. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, akashusha kata, akawageukia wazee wenzake na kuwatafsiria kwa Kichagga kwa maneno machache mno. Wazee wakacheka. Nilipomwuliza amewaambia nini, akasema: "Nimewaambia unasoma hadithi, unasikiliza miziki, na mwisho wa mwezi unalipwa." Nimeipitia tafsiri hiyo mara nyingi nikitafuta kosa, na mpaka leo sijaliona. Tangu siku hiyo habari yangu mlimani ni kwamba kijana huyu anasoma tangu enzi za Mwinyi na bado hajamaliza.

Kudharauliwa ningevumilia, maana nimekwisha kukuzoea kama ninavyozoea makato ya mshahara. Kinachonikera ni kwamba watu hawa hawa wanaosema kazi yangu si kazi, wote wanaifanya, tena bila ajira, bila shahada na bila ofisi, na wananishinda. Binamu yangu daktari akitamka neno juu ya ini, ukoo mzima hunyamaza. Mimi nikitamka neno juu ya wimbo unaopigwa ndani ya kifodi cha Kiboriloni, nikasema kwamba mwimbaji anaomboleza penzi lililovunjika, kondakta hunigeukia huku akihesabu chenji na kunirekebisha: "Mzee, huyo hajaachwa na mwanamke, anamsema meneja wake wa zamani." Abiria huitikia kwa kichwa, akiwemo bibi mwenye kuku, na mimi hushuka kituo kimoja kabla ya changu.

Darasani hali si tofauti. Muhula uliopita nilitoa mhadhara juu ya hip hop ya Arusha, mji uliotupatia X Plastaz, kundi lililochanganya hip hop na uimbaji wa Kimaasai. Hapo nilikuwa salama. Kisha nikaingia kwenye mashairi ya kijana mwingine wa huko huko, nikalishika neno moja na kulifafanua kwa dakika ishirini kama ishara ya upinzani wa tabaka la chini, mpaka binti mmoja wa nyuma alipoinua mkono na kunifahamisha, kwa adabu ya kunitosha, kwamba neno lile ni jina la kituo cha daladala karibu na kwao. Niliuliza kama kituo hicho hakiwezi kuwa ishara ya upinzani. Akasema pengine, ila magari husimama pale.

Lakini aliyenimaliza ni kijana wa bajaji wa Mbuyuni. Bajaji yake ilikuwa imeandikwa nyuma kwa rangi nyekundu: UNASOMA NINI, PITA. Msomaji, wewe usiyelipwa kwa kazi hii huwezi kujua furaha niliyoipata. Hapa palikuwa na andishi linalomsemesha msomaji wake, linalomkamata akisoma na kumfukuza papo hapo, na nikaona wazi kwamba dereva, mtu anayesukumwa barabarani na kila mwenye gari kubwa, ametwaa mgongo wa chombo chake na kuufanya jukwaa. Niliandika makala ya maneno 8,000. Nilipokamilisha, nikakumbuka kwamba ni vizuri kumhoji mhusika, nikaenda na daftari langu na kuanza kunakili maandishi yale kwa karibu. Kijana alikuja mbio. "Mzee, leseni ipo, bima ipo," akasema, akiwa tayari ameingiza mkono mfukoni. Nilimtoa hofu, nikamweleza kwamba mimi ni mtafiti tu, naye akatulia na kunipa jibu ambalo sikulihitaji: bajaji aliinunua kwa mtu, maneno aliyakuta, na hajayafuta kwa sababu kupaka rangi upya ni gharama. "Kwani yameandikwaje?" akaniuliza, kisha akazunguka nyuma kuyasoma, kwa kuwa yeye akiwa kazini huwa yuko mbele.

Makala hiyo niliituma vivyo hivyo. Mtu asinihukumu kabla hajaijua ngazi yetu. Chuoni kuna mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa kamili, na mimi nipo kwenye kipandio cha pili mwaka wa tisa sasa, ingawa muuza nyama wetu wa Soweto aliniita profesa tangu siku ya kwanza na hajawahi kunipunguzia hata nusu kilo. Ili upande unahitaji machapisho, na machapisho yanayohesabika vizuri ni ya majarida ya mbali, na kabla majarida hayo hayajaikubali makala, kwanza husomwa na wataalamu wawili wasiotajwa majina. Mtaalamu wa kwanza hupenda kazi yako. Wa pili ndiye ulimwengu ulivyo.

Na lugha ya kuandikia ni Kiingereza, kama ilivyo lugha ya kufundishia kozi yangu. Sasa nisikilizwe kwa makini hapa. Wiki ya nne ya kozi hiyo ninafundisha jinsi ambavyo mwaka 1968, pale chuoni Nairobi, mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o na wasomi wenzake Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Afrika, pamoja na ile ya masimulizi, iwekwe katikati ya masomo. Wiki ya tano ninafundisha jinsi Ngũgĩ alivyoamua kuandika riwaya zake kwa Kigĩkũyũ. Yote haya ninayaeleza kwa Kiingereza, mbele ya vijana 70 ambao kila mmoja wao anakijua Kiswahili, nami nakijua, na tukitoka nje ya mlango tunakizungumza kwa raha. Mwaka jana mmoja alinifuata hadi kwenye ngazi akaniuliza: "Samahani, Mwalimu, hivi aliyetukataza ni nani?" Nilimwambia anione ofisini saa za mashauriano, halafu siku hiyo sikwenda ofisini. Ofisi yenyewe inatosha kumkatisha mtu tamaa. Ngũgĩ aliiandika riwaya yake ya kwanza ya Kigĩkũyũ juu ya karatasi za chooni alipokuwa amefungwa katika gereza la Kamiti mwaka 1978; idarani kwetu hata karatasi hizo unakuja nazo kutoka nyumbani.

Heshima nimewahi kuipata, nisiwe mwongo. Ilidumu siku tatu. Oktoba 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, simu yangu ililia kuliko siku niliyooa. Baba mdogo mwenyewe alipiga kuuliza kama ninamfahamu. Nikasema ninamfundisha, yaani ninafundisha vitabu vyake, lakini sehemu ya pili ya sentensi hiyo mtandao haukuifikisha, na kwa siku tatu Kibosho nzima iliamini kwamba mwanafunzi wangu amepata tuzo. Siku ya nne muuza nyama alisikia redioni kwamba zawadi ni kronor milioni 10 za Sweden, akaweka kisu chini na kuniuliza mimi ninasubiri nini.

Lakini yote hayo ni mepesi ukilinganisha na mama mkwe. Mke wangu ni mtu wa Tanga, nchi ya Shaaban Robert, na mama yake ni mwanamke ambaye mashairi ameyaweka kichwani kama wengine wanavyoweka namba za simu. Alipokuja mara ya kwanza alinikuta ninaandaa somo juu ya mshairi Kezilahabi na ule ugomvi mkubwa uliozuka baada ya diwani yake ya 1974, ya mashairi yasiyofuata vina na mizani. Nilimsomea moja kwa sauti. Alisikiliza, akauliza kama limekwisha, kisha akasema: "Hilo si shairi, mwanangu. Hiyo ni barua iliyokatwakatwa." Wanazuoni waliosema hayo hayo wakati ule walitumia kurasa nyingi zaidi.

Safari hii nilitaka kumpokea kwa zawadi. Siku ya kufika kwake nilitoka kwenye kikao kilichochelewa kuisha, nikapita mbio kwenye duka moja la kanga karibu na soko kuu la mjini, nikaona doti ya zambarau yenye mji mzuri wa maua ya korosho na pindo safi, nikalipa, nikafungiwa. Mimi, niliyeandika kurasa 30 nikithibitisha kwamba kanga husomwa kabla ya kutazamwa, sikusoma jina. Mama mkwe aliifungua mbele ya familia nzima, akainyoosha mikono kwa sababu hakuwa na miwani, akaisoma kimya: HATA UKINICHUKIA LA KWELI NITAKWAMBIA. Akaikunja polepole, pindo juu ya pindo. "Ahsante, mwanangu," akasema. "Nimesikia."

Hakusema ameiona wala ameipenda, alisema amesikia. Mke wangu alinikanyaga mguu chini ya meza. Nilieleza kwamba nilivutiwa na rangi, na ukimya uliofuata nauweza kuupima hata leo.

Asubuhi yake mama mkwe alitoka chumbani akiwa amejifunga kanga iliyoandikwa SINA SIRI NINA JIBU. Akaniitikia shikamoo vizuri kabisa, akanikaribisha chai ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Kesho yake ikawa NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE. "Mama amekuja na sanduku moja la nguo na moja la majibu," mke wangu aliniambia usiku, akicheka ndani ya mto. Kuuliza nisingeweza, kwa maana nimeandika mwenyewe kwamba nguvu ya kanga ni kuwa anayeivaa anaweza kukana wakati wowote na kusema amevaa nguo tu. Kumjibu pia nisingeweza. Mwanaume hana vazi la kujibia, na fulana pekee yenye maandishi niliyo nayo ni ya semina ya kuzuia malaria.

Ni katika wiki hiyo hiyo jarida lilipojibu makala yangu nyingine, ile ya kanga. Mtaalamu wa pili aliuliza nina ushahidi gani kwamba mtu anayelengwa huelewa kuwa analengwa. Nilisoma swali hilo saa moja asubuhi, mama mkwe akipita mbele yangu na kanga ya siku ya tatu. Nikaona hatimaye mlima umenifungukia: data ipo, imekaa mezani, inakunywa chai yangu. Ila data haitumiki bila ridhaa, na kamati ya maadili ya utafiti hutaka fomu iliyosainiwa, kwa hiyo nilikwenda na fomu ya kurasa nne na kalamu, nikainama kidogo na kuomba.

Mama mkwe alivaa miwani. Aliisoma fomu yote, hata namba za kurasa, halafu akanirudishia bila saini. "Nitaweka," akasema, "ukininunulia doti nyingine. Safari hii usome kwanza."

Nilirudi dukani siku ile ile. Nilisimama mbele ya rafu nikazipitia kanga moja baada ya nyingine, nikitafuta jina lisiloweza kueleweka vibaya, na kila nililolichukua nililigeuza upande huu na upande ule nikaona linachoma mahali. Ilipokaribia saa nzima mwenye duka alikuja akasimama kando yangu.

"Mzee wangu, unanunua au unasoma?"

Nikamjibu, kwa unyoofu wote, kwamba ninasoma, na kwamba ndiyo kazi yangu.

"Basi sogea pembeni kidogo," akasema, "wateja wapite."

Nikasogea.