Huku mfereji wa miaka 200 unalindwa, kwetu mfongo, mfereji wa mababu, tumeupanda majani ya ng'ombe

Jumamosi iliyopita mzee mmoja ninayefanya nae kazi hapa Swindon, Uingereza, alinichukua na gari yake, kama dakika 40 hivi, tukaenda Devizes kuona mfereji wao wa kihistoria, unaitwa Kennet and Avon. Mzee huyu amestaafu nusu, siku tatu yuko kazini na siku mbili za wiki anajitolea kwenye huo mfereji bila kulipwa hata senti. Miaka yote nilikuwa namsikia anaongelea mfereji mfereji nikawa najiuliza mfereji una nini cha kumfanya mtu mzima aache kulala wikiendi. Sasa nimeona, na tangu nirudi sijatulia, ndio maana naandika.

Kwanza niwaeleze ulivyo. Ni njia ya maji iliyochimbwa na watu, kilomita 140, inaunganisha Reading na Bristol, sehemu nyingine mto wenyewe na sehemu nyingine imechimbwa ardhini kwa sururu na makoleo. Ilikamilika 1810, injinia wake John Rennie. Kazi yake ilikuwa kubeba makaa ya mawe, mawe ya kujengea, nafaka, maana barabara za wakati ule zilikuwa tope tupu. Sasa pale Devizes kuna kilima kinaitwa Caen Hill, na maji kama mnavyojua hayapandi kilima, kwa hiyo wakajenga loki 29 zinazopandisha boti mita 72 ndani ya kilomita 3 hivi. Loki ni kama chumba cha matofali chenye mageti mbele na nyuma, boti inaingia, unafunga geti la nyuma, unafungulia maji ya juu yanajaa taratibu na boti inanyanyuka yenyewe mpaka inalingana na maji ya mbele, unafungua geti inatoka inaingia chumba kingine. Loki 16 kati ya hizo zimepangana mstari mmoja mlimani kama ngazi, ukisimama chini ukaangalia juu unaona mageti meusi na meupe yamefuatana mpaka unachoka kuhesabu. Kuzimaliza zote 29 ni masaa matano au sita.

Mzee akanipa hendeli ya chuma imekunjwa kama herufi L, unaichomeka kwenye mashine ya meno unazungusha, chini unasikia maji yanaunguruma. Halafu geti lenyewe halisukumwi kwa mikono, kuna gogo kubwa la mbao unaliegemea kwa mgongo unarudi kinyumenyume, na pale chini wamepanga matofali yaliyoinuka ili miguu isiteleze. Nilisukuma geti halikutikisika. Mzee akaniambia subiri, maji ya pande mbili yakilingana litafunguka lenyewe, ukilazimisha unapoteza nguvu bure. Kweli baada ya dakika moja likaachia likaja lenyewe laini kabisa.

Sasa pale ndipo nilipoona kitu. Pembeni ya karibu kila loki katika zile 16 kuna bwawa la mraba limechimbwa, nikamuuliza la nini, akasema ni la kutunza maji, kwa sababu loki zimekaribiana mno hakuna nafasi ya maji kati yake. Nikamwambia mzee, hiyo kwetu inaitwa nduwa. Akasema nini? Nikamwambia nduwa, babu yangu alikuwa nayo.

Kwa wasiojua, mimi nimezaliwa Kirua Vunjo, Kilimanjaro, na Wachagga tulikuwa na mifereji kabla hatujamjua Mzungu. Sisi tunaita mfongo. Unaanzia juu kabisa msituni, unatega kijito kwa banio la mawe na matawi na udongo, halafu unachimba mtaro unaofuata ubavu wa mlima, unashuka kidogo kidogo sana, ukizidisha mteremko maji yanakula ardhi na ukipunguza yanasimama, na hamna mtu alikuwa na kipimo cha kiwandani, ni macho ya wazee tu. Penye korongo walivusha maji kwa magogo yaliyochimbwa katikati. Wazungu waliofika kule miaka ya 1800 walikuta mifereji inafanya kazi tena kazi kubwa, inanywesha ulezi na migomba, watu wamegawana zamu na kila mfongo una ukoo wake na mzee wake. Usiku maji yanaelekezwa kwenye nduwa yajae, alfajiri unafungua.

Mimi nimefungua hiyo nduwa. Nina miaka nane tisa hivi, babu ananiamsha giza bado, naenda na tochi, kile kizibo kimetengenezwa kwa mgomba na udongo, unatoa kwa mkono, maji yale ya mlimani baridi yanakukata mpaka kwenye kiwiko, halafu unakimbia kuyatangulia kihambani, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, ukayaelekeze kwenye mstari wa kahawa kabla hayajapotea kwa jirani. Na siku ya msaragambo kengele ikilia kila nyumba inatoa mtu na jembe kwenda kusafisha mfongo kuanzia banioni, asiyekuja anatozwa faini, pombe ya mbege au hata mbuzi, na hakuna aliyebisha.

Mwaka juzi nilienda likizo nikauliza mfongo wetu nikaonyeshwa mstari wa majani ya ng'ombe. Watu wamepanda majani ndani ya mtaro mkavu. Nduwa imefukiwa, kuna choo juu yake. Nikaambiwa mafundi wa mradi mmoja wa maji walipitisha bomba wakakata mfereji katikati, wakafukia, wakaondoka, hakuna aliyefuatilia. Na bomba lenyewe siku mbili kwa wiki linatoa upepo. Sisemi bomba baya, maji ya bomba ni ya kunywa na mama zetu walihitaji hayo maji jana sio leo, ila bomba halinyweshi kihamba. Na sababu sio bomba peke yake, kahawa ilishuka bei vijana wakaondoka, nami nikiwemo, vijito vimepungua, wazee waliojua mfongo unapita wapi wanazikwa mmoja mmoja.

Watu wengi wa kwetu wanasema ah Ulaya wana hela ndio maana wanatunza vitu. Hapa ndipo sikubaliani kabisa. Huu mfereji wa Kennet and Avon ulikufa jamani, ulikufa kama wetu. Kampuni ya reli iliununua 1852 na reli ikachukua mizigo yote. Kufika miaka ya 1950 loki zimeoza, mageti yameanguka, zile za Caen Hill zimeota magugu, na serikali yenyewe ikataka kuufunga kisheria. Watu wa kawaida zaidi ya 20,000 wakasaini kupinga mwaka 1956. Halafu wakaingia wenyewe kwenye tope, wikiendi kwa wikiendi, miaka na miaka, wakachangisha, wakachimba, wakatengeneza loki moja moja mpaka tarehe 8 Agosti 1990 Malkia Elizabeth akaja kuufungua tena palepale Caen Hill. Zile hela kubwa, pauni milioni 25 za mfuko wa bahati nasibu, zilikuja 1996, yaani baada ya miaka 40 ya watu kushika koleo. Hela zilifuata koleo. Mzee wangu alianza kuja hapa akiwa kijana na baba yake.

Na mpaka leo kazi haijaisha, maji yakishuka kilima yanapotea, kwa hiyo wana pampu inayorudisha juu mpaka lita milioni 32 kwa siku, mageti ya mbao yanabadilishwa, tope linatolewa. Wageni wanakuja na watoto wanakaa kwenye nyasi wanaangalia boti, wanakunywa chai, mji wa Devizes unapata riziki. Kwetu mgeni anapita juu ya mfongo akielekea kupanda mlima hajui hata amevuka kitu gani. Na sio kwamba dunia haituthamini, FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2011 waliitambua Shimbwe Juu kule Uru kama urithi wa kilimo duniani, kihamba na mifereji yake. Waliona. Sisi tunaona majani ya ng'ombe.

Maoni yangu ni haya. Wachagga kila Desemba tunarudi nyumbani, magari yanapanga foleni kuanzia Segera, tunachinja, tunajenga makaburi ya vigae, tunachangiana harusi za mamilioni. Siku moja tu katika zile siku kumi tuitoe tukasafishe mfongo. Siku moja, kama ule msaragambo wa zamani, mtu wa Dar, mtu wa Arusha, mtu wa Uingereza, kila nyumba jembe. Na kabla ya jembe tukae na wazee waliobaki watuonyeshe njia tuichukue kwa simu, ramani ipo bure kwenye simu ya kila mtu. Kibali cha maji kutoka kwa bodi ya maji ya bonde kinahitajika kisheria, sawa, tuombe kama kikundi, ada tutachanga, haiwezi kushinda tunachotumia kwenye kreti za soda.

Niliandika haya kwenye grupu la ukoo Jumapili. Wengine wamekaa kimya. Baba mkubwa alituma sauti, anaongea taratibu, anasema maji ya juu bado yapo, alipanda mwezi uliopita kutafuta dawa akayaona, banio limebomoka upande wa kushoto tu, mawe yake yako palepale yamelala mtoni, ila hana mtu wa kuyainua.

Tiketi yangu ni ya tarehe 18, nitakuwa Kirua tarehe 20. Nimependekeza tarehe 27 asubuhi, tukutane kwa baba mkubwa saa moja. Tunahitaji watu kama 15, makoleo na mitaimbo, na mtu mwenye pikapu ya kupandisha vifaa mpaka mwisho wa barabara.